Baiskeli Arobaini na Moja za Kiwanda

Siku niliyostaafu nilikabidhi funguo mbili, daftari tano na baiskeli arobaini na moja. Mercy, aliyechukua nafasi yangu, alitia sahihi kwa funguo, akatia kwa daftari, halafu akafika kwenye baiskeli akasimama.

"Mama Njoki," akaniambia, "hizi siwezi kupokea hivi hivi. Niandikie. Niambie kila moja ilitoka wapi na inataka nini."

Basi nimeandika, kwa ajili yake na kwa ninyi wengine mtakaoingia ghala lile baada yake. Habari za vyeo na mishahara nimeziacha. Anayezitaka aende ofisi ya wafanyakazi aombe faili yangu, ni nyembamba na hatachukua muda.

Niliajiriwa kiwandani Thika nikiwa na miaka ishirini na minne, kupanga mabeseni na mitungi ya plastiki kwenye katoni. Mwezi wa tatu msimamizi akaja akauliza nani anajua kusoma na kuandika vizuri. Niliinua mkono nikidhani ni kazi ya ofisini. Nikapelekwa nyuma ya kiwanda, kwenye ghala la mabati, nikakuta mwanamume mfupi amechuchumaa mbele ya gurudumu. Huyo alikuwa Mutua, mtu wa Yatta, fundi wa baiskeli za kiwanda.

Wakati huo zilikuwa kumi na nne, zote Black Mamba, zile nyeusi nzito zenye karia ya kubeba gunia. Walinzi walizitumia kuzunguka ua, matarishi kupeleka barua, na mafundi wa mashine kubeba vifaa kutoka jengo moja hadi lingine. Uwanja wetu ni mkubwa. Ukitumwa kwa miguu kutoka getini hadi kwenye matangi, unarudi umesahau ulichotumwa.

Mutua hakunisalimia. Alizungusha gurudumu akasema, "Sikiza."

Nikasikiliza. "Sisikii kitu."

"Hata mimi. Hiyo ndiyo nzuri." Akachukua lingine, akazungusha. Likatoa sauti ndogo, tss, tss, mpira ukigusa breki kila mzunguko. "Hii ni mbaya. Umemaliza darasa la kwanza. Unajua kuendesha?"

Sikujua. Kwetu Gatanga kulikuwa na baiskeli moja, ya baba, na baba alishasema msichana hapandi baiskeli. Hakutoa sababu na hatukumuuliza. Nilimwambia Mutua ukweli, nikingoja anirudishe kwenye katoni.

"Hapa hakuna baiskeli inatoka kwa ghala kama fundi hajaiendesha," akasema. "Kwa hivyo utajua."

Nilijifunzia uani saa ya chakula cha mchana, sketi nimeifunga kwa kamba za katoni, wafanyakazi mia na zaidi wakila githeri yao na kuniangalia. Siku ya kwanza nilianguka mara sita. Ya pili nikaingia kwenye rundo la mabeseni yaliyokuwa yakingoja lori, na nawahakikishia kwamba mabeseni yetu yalikuwa imara kweli. Siku ya tano nilizunguka jengo zima bila kugusa chini, na wale akina mama wa kufunga katoni wakanipigia vigelegele kana kwamba ninaolewa. Sijawahi kupata cheti kilichonifurahisha hivyo.

Kunyoosha rimu kulinichukua muda mrefu zaidi. Kispana cha spoki ni kidogo kama sarafu, na kosa la kila anayeanza ni kukikaza sana. Mutua alinifundisha kukaza robo mzunguko upande mmoja, kulegeza robo upande wa pili, kisha kutoa mkono na kuangalia. "Usiigombanishe," alikuwa akisema. Nilizigombanisha rimu nyingi kabla sijaelewa. Vilevile alinifundisha kutoa tairi kwa mpini wa kijiko badala ya bisibisi, maana bisibisi hutoboa tyubu nawe unabaki kulaumu mwiba. Mercy, vile vijiko vitatu vilivyopinda kwenye droo ya juu si vya chai.

Halafu baiskeli zikaanza kuja. Mhandisi mmoja akihamia ng'ambo alituachia ya kike, rangi ya samawati, yenye gia tatu ndani ya kitovu cha gurudumu. Kiwanda kikanunua tano za mnada, nyekundu, ambazo zilikuwa zimechoka lakini fremu zake hazikuwa na kosa. Meneja wa mauzo alijinunulia ya mbio, nyembamba kama mbu, akaendesha majuma mawili, kitambi kikamshinda akatupatia. Zikaja za milimani, za mitumba, zenye matairi ya meno. Ikaja ya magurudumu matatu ya kubebea chai. Ikaja moja inayojikunja katikati, ambayo kila mgeni wa ghala huikunja na kuikunjua mara mbili kisha kubanwa kidole.

Hapo ndipo kazi ilipobadilika. Baiskeli kumi na nne za aina moja ni kama mapacha kumi na nne, nguo ya mmoja inamtosha mwingine. Zikiwa za aina tisa, kila moja ina tairi lake, cheni yake, gololi za kitovu za saizi yake, na hata valvu ya pampu haifanani. Nilihangaika mwaka mzima. Nilishawahi kuvua ile ya mbio tairi lote nikiwa nimeshika tyubu ya ile ya milimani, nikakaa chini nikacheka peke yangu.

Suluhisho langu lilikuwa rangi na kadi. Kila aina ya baiskeli ilipata rangi yake, nikapaka alama chini ya kiti, nikapaka rangi hiyo hiyo kwenye kopo la spea zake na kwenye ndoano yake ukutani. Kila baiskeli ikapata kadi: imetoka wapi, imebadilishwa nini, nani aliiendesha mwisho na amelalamika nini. Mutua aliziangalia zile rangi akasema ghala linafanana na nasari skuli. Baada ya mwezi nikamkuta akipaka ndoano yake mwenyewe ya kutundikia koti.

Na niseme ukweli ambao sikuuandika kwenye ripoti yoyote: nilikuwa na raha sana. Kila Ijumaa alasiri nilizijaribu zilizotengenezwa juma hilo, moja baada ya nyingine, kuzunguka ua. Black Mamba inakwenda kwa heshima, kama mzee wa kanisa akipeleka sadaka mbele. Ile ya mbio haitaki mawazo, ukiwaza kitu kingine inakutupa. Ya gia tatu inakubembeleza. Nikimaliza miguu ilikuwa inatetemeka na uso unauma kwa kutabasamu. Nililipwa kwa hilo, na sijui kama wakubwa walijua.

Mutua alistaafu akarudi Yatta. Barabara kuu ikapanuliwa, kiwanda kikafungua bohari Ruiru, na mimi nikabaki na ghala. Niliomba ruhusa tuanze kuazimisha wafanyakazi baiskeli za kuja nazo kazini, kwa juma moja moja. Wa kwanza kujiandikisha alikuwa Rahabu.

Rahabu Wairimu alikuwa opereta wa simu. Kama umewahi kupiga simu kiwandani kwetu, sauti ile nene yenye kicheko nyuma yake ndiyo yake. Alikaa Makongeni, na aliichagua ile ya samawati ya gia tatu. Kila Jumatatu aliirudisha imepanguswa, na kila Jumatatu aliiomba tena, mpaka watu wengine wakaacha kuiulizia. Ukimwona asubuhi akiingia getini, kitambaa cha kichwa kikipepea, amewapita wenye haraka wote, ungedhani anakwenda kupokea zawadi.

Kisha macho yakaanza kumsumbua. Presha ya macho, daktari alisema. Ilianza pembeni ikaenda katikati, na katika muda wa miaka miwili ikamaliza. Kazini alibaki, kwa sababu vidole vyake vilijua vile vitufe vya simu kuliko macho yalivyowahi kujua. Lakini Jumatatu moja aliileta ile baiskeli akiikokota, mkono mwingine umeshikwa na jirani yake.

"Mpe mtu mwingine, Mama Njoki," akasema. "Jana nimegonga ukuta wa kanisa. Ukuta mzima. Na haukuwa umejificha."

Alicheka, mimi nikashindwa. Niliitundika kwenye ndoano yake na sikumpa mtu.

Alizoea kuja ghalani saa ya chakula. Alipapasa kuta kwa vidole hadi akaifikia, nikamshushia kwenye stendi akaikalia, akapiga pedeli gurudumu likizunguka hewani. Siku moja nikamuuliza anakosa nini zaidi. Nilidhani atasema uso wa mjukuu wake.

"Upepo," akasema. "Mtu akinishika mkono tunatembea polepole kama tunafuata jeneza. Nataka tu upepo unipige uso tena."

Mwezi huo huo tulipata meneja mpya, Bwana Gachanja, kijana wa Membley, mchapakazi, mwenye simu mbili. Alikuja ghalani akatembea katikati ya ndoano bila kugusa chochote.

"Mama, hizi zote ni za nini?" akauliza.

"Za kazi."

"Mimi nahitaji hii nafasi ya katoni. Tunanunua pikipiki mbili, tunamaliza hii story. Zingine tuuze vyuma."

Nilikuwa nimebakiza miaka sita kustaafu, na nilijua mtu wa rika langu asiye na ghala hupelekwa wapi. Lakini si hilo lililonifanya nijibu. Niliiangalia ile ya samawati.

"Bwana Gachanja, pikipiki mbili zitawaleta kazini watu thelathini?"

"Hao thelathini ni kina nani? Mimi naona vyuma ukutani."

"Unaziona saa nne asubuhi, zimeshafika. Siku ya familia ya kiwanda tunakwenda bohari ya Ruiru. Niruhusu niwapeleke wafanyakazi kwa baiskeli. Zote. Ikibaki hata moja njiani kwa kuharibika, chukua ghala."

Alitabasamu. Nadhani aliona njia rahisi ya kumaliza jambo bila kugombana na mwanamke wa umri wa mama yake. "Zote?" akauliza.

"Zote, na moja zaidi ambayo bado haijatengenezwa."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Maneno yalitoka, nikawa sina budi kuitengeneza.

Nilichukua fremu mbili za zile nyekundu za mnada ambazo hazikuwa na magurudumu. Otieno, mchomeleaji wetu, alichomelea shingo ya ile ya nyuma kwenye bomba la kiti cha ile ya mbele, ikawa baiskeli ndefu ya watu wawili. Nikaunga cheni mbili kuwa moja, ikapita kutoka pedeli za mbele hadi za nyuma. Ilipendeza kwa macho. Tulipoikalia mimi na Otieno, ilijikunja katikati kama punda aliyekataa mzigo.

Nilimpigia Mutua simu Yatta. Nilieleza kwa dakika kumi. Kwa upande wake nilisikia kuku tu.

"Usiikalie tena," akasema hatimaye. "Nakuja."

Alifika Thika kesho yake na kofia yake ya kanisani, akachuchumaa kama siku ile ya kwanza, ila kuinuka kulimchukua muda. Akaonyesha kwa kidole nafasi tupu kati ya pedeli za mbele na za nyuma.

"Hapa chini umeacha wazi. Hiyo bomba ya juu inafanya kazi peke yake. Weka ingine huku chini, nene, iunganishe nyumba hii ya pedeli na hii." Halafu akaongeza, "Na pedeli ziwe sawasawa, mguu wenu upande pamoja. La sivyo mtapigana huko juu."

Otieno akachomelea bomba la pili. Tukaikalia, mimi na Otieno, Mutua akatusukuma. Haikulalamika hata kidogo. Mutua alizunguka akiisikiliza, na nilipomuuliza anasikia nini akasema, "Hakuna."

Rahabu alikuwa hajaambiwa. Nilimleta uani saa ya chakula, nikaweka mkono wake kwenye kiti cha nyuma. Akapapasa kwenda mbele, akakuta kiti kingine, usukani mwingine. Akarudi nyuma. Akapapasa tena mbele.

"Ngai, Mungu wangu," akasema kwa sauti ndogo. "Ni yangu na nani?"

"Na mimi. Mimi breki na kona. Wewe miguu."

Safari ya kwanza haikufika mbali. Nilikata kona bila kumwambia, yeye akalala upande wa pili, tukaenda chini wote wawili. Niliinuka haraka kumwangalia. Rahabu alikuwa amekaa chini, goti linatoka damu, anacheka mpaka machozi.

"Mama Njoki, wewe ndiye unaona na bado umeniangusha!"

Tangu siku hiyo tukawa na maneno yetu. "Piga" ni kukanyaga. "Acha" ni kupumzisha miguu. "Kulia" na "kushoto" nilisema mapema, kabla ya kona. "Tuta" maana yake inua makalio kidogo. Tulifanya mazoezi majuma matano, na ilipofika la tano nilikuwa nasema nusu ya neno mwili wake umeshafuata.

Siku ya familia tulitoka Thika saa mbili asubuhi, baiskeli thelathini na tisa. Nilikuwa nimekagua kila moja, nimeendesha kila moja, na kadi zote zilikuwa mfukoni mwa koti langu. Otieno alikuwa kwenye ile ya magurudumu matatu na spea, pampu na maji. Akina mama wa katoni walikuwa kwenye za milimani. Bwana Gachanja, kwa haki yake, alikuja na kofia ya kujikinga mpya kabisa, akaniuliza apande ipi. Nilimpa Black Mamba. Sikufanya kwa ubaya. Ndiyo isiyoharibika.

Tulifuata barabara ya pembeni, mbali na magari makubwa. Tukafika mteremko wa kwanza. Nikasema "Acha," tukaachia miguu, baiskeli ikaanza kuvuma. Nikasikia nyuma yangu sauti ambayo sikuwahi kuisikia simuni, kelele ndefu ya furaha, kama msichana aliyetoka shule. Watu waliokuwa kwenye vibanda vya ndizi waligeuka. Sikumwangalia, nilikuwa na barabara ya kuangalia, na macho yangu nayo yalikuwa yamejaa.

Karibu na Juja cheni ndefu ikaanza kuruka. Tak. Tak. Nikavuta breki tukashuka. Wengine wakatupita, Bwana Gachanja akapita akihema, akapunguza mwendo akaniangalia. Otieno alikuwa mbele na spea zote. Nilipiga magoti nikaangalia pingili moja moja, jasho linaingia machoni, na pingili zilikuwa zaidi ya mia mbili, zote nyeusi kwa grisi, zote zinafanana.

"Nisogeze kwa hiyo cheni," Rahabu akasema.

"Utachafuka."

"Mama Njoki. Nisogeze."

Akachuchumaa, akashika cheni katikati ya vidole viwili, akaanza kuivuta polepole huku akiinamisha kichwa, kama anavyofanya akitafuta kitufe. Mimi nilizungusha pedeli kinyume. Akapita pingili thelathini, arobaini, hamsini. Kisha akasimama.

"Hii hapa. Haipindi kama wenzake."

Niliiangalia na sikuona kasoro. Nikaitikisa kwa koleo, na kweli ilikuwa imekaza, pini imeingia kidogo upande mmoja. Nikaisukuma, nikailegeza, nikatia tone la mafuta. Kazi ya dakika mbili, ambayo mimi na macho yangu yote ningeitafuta hadi adhuhuri.

"Sasa piga," nikamwambia, tukapiga.

Tuliwapata kabla ya Ruiru. Tukampita mlinzi wa zamu, tukawapita akina mama wa katoni wakitushangilia, tukampita Otieno na gari lake la chai. Kwenye mwinuko wa mwisho kabla ya bohari palikuwa na mtu mmoja mbele yetu, amesimama juu ya pedeli za Black Mamba, anapambana nayo.

"Nani huyo anahema hivyo?" Rahabu akauliza.

"Bwana mkubwa."

"Basi piga, mama! Piga!"

Tulimpita meta chache kutoka getini. Watu wa bohari walikuwa wamepanga mstari na masufuria na vifuniko wakigonga. Rahabu aliinua mikono yote miwili juu, jambo ambalo aliyekaa nyuma anaweza kufanya na dereva hawezi, nami nikaingiza baiskeli ndefu getini nikipiga kengele kama mwendawazimu.

Nilisimama pale nikihesabu zinavyoingia. Thelathini na tisa. Hakuna hata moja iliyokokotwa.

Bwana Gachanja alikaa kwenye kreti muda mrefu, kofia mapajani. Alikunywa soda nzima. Kisha akaja.

"Mama Njoki, katoni zitapata pahali pengine," akasema. "Lakini uniambie kitu kimoja. Hiyo uliyonipa, ndiyo nzito kuliko zote?"

"Ndiyo."

"Nilijua tu," akasema, akacheka kwa mara ya kwanza tangu aje kiwandani. Juma lililofuata alijiandikisha kwenye kuazima, na akaomba ile ile.

Yaliyofuata wengi wenu mliyaona. Wenzake Rahabu wawili wasioona, wa kanisani kwake, walikuja kuuliza, na tukatengeneza ndefu nyingine mbili. Mutua alichomelewa ya kwake na Otieno, akaja kuichukua na mkewe. Kwa hiyo, Mercy, ukihesabu arobaini na moja usishangae ukiona tatu haziingii kwenye ndoano. Zilaze chini upande wa dirisha, cheni ndefu iangaliwe kila juma, na usiziazimishe kwa watu wawili waliogombana.

Lakini mkiniuliza siku niliyojua kwamba kazi yangu imefaa kitu, sitataja ile ya Ruiru. Nitataja Jumatatu iliyofuata. Nilikuwa ghalani nimeshika simu kuagiza tyubu, nikapiga ubao wa simu ili nipewe laini ya nje. Rahabu alipokea bila kujua ni mimi. Baadaye nilisikia kwamba siku nzima aliwajibu hivyo hivyo wote waliopiga, wateja, madereva, hadi mkurugenzi mwenyewe.

"Habari ya asubuhi," akasema ile sauti nene. "Juzi nilienda Ruiru kwa baiskeli. Nikuunganishe na nani?"